Gari Lisilobisha Hodi

Gereji nzima ilimwita Sponji, na yeye mwenyewe, akipigiwa simu na mteja mpya, alijitambulisha hivyohivyo bila haya: Sponji hapa, fundi wa viti. Wenzake walifungua boneti, yeye alifungua mlango. Nusu ya maisha yake ilikuwa imepita ndani ya magari ambayo hakuwa na ubavu wa kuyanunua. Aliyavua ngozi kuukuu, akayavika mpya, kisha akasimama mlangoni pa kibanda chake na kuyatazama yakienda zake na watu wengine.

Alikuwa na namna yake ya kumaliza kazi, na hakuna aliyewahi kumwona akiiruka. Kiti kikiwa tayari, alikikalia, akaweka mikono magotini, akafumba macho. Akasogeza nyonga kulia kidogo, kushoto kidogo. Akatulia kwa muda ambao abiria halisi angeanza kuona kama mgongo unamlalamikia au la. Kisha akakohoa mara moja, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali jambo zito, akashuka. Mpaka rangi, jirani yake wa kibanda cha kulia, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo, alizoea kusema kwamba Sponji huwa anabishana na kiti, na kiti ndicho kinachoshinda.

Kulikuwa na kelele pale. Nyundo za wanyoosha bodi zilianza asubuhi na hazikuona aibu mpaka jua linashuka. Kompresa ya mpaka rangi ilikoroma, na cherehani nzito ya Sponji, ile ya kushonea ngozi, ilimpigia kifuani kama moyo wa pili. Jioni alikuwa na kichwa kilichojaa vyuma. Ndiyo maana, wanaume wa gereji walipokaa kunywa chai na kulalamikia nyumba zao, yeye alitabasamu tu. Kwangu mimi, aliwaambia, nikiingia ndani mnaweza kusikia saa ya ukutani. Mpaka rangi, ambaye aliishi na mama mkwe na watoto mapacha wenye mapafu mazima, alimtaka aape. Akaapa. Alisema watu wake ni watu wa maneno machache, mke na mabinti wote wawili, na alilisema hilo kwa fahari ya mtu anayeeleza kwamba shamba lake lina maji.

Alikuwa anaamini.

Gari lenyewe lilifika siku ambayo mpaka rangi alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, anakoroga rangi kwenye kopo. Aligeuka akakuta bampa ipo mgongoni pake, karibu imguse. Aliruka na kopo lake, rangi ikamwagikia viatu, na alipopata sauti alisema gari hili litaua mtu, halipigi hata kikohozi. Aliyeshuka alikuwa daktari wa meno, mama wa makamo mwenye nywele zilizoanza kuwa kijivu na mikono misafi ajabu. Alimwomba mpaka rangi radhi kwa upole, akauliza fundi wa viti yuko wapi.

Alikuwa anahama, alieleza. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na gari hataweza kwenda nalo. Lilikuwa gari la umeme, la fahari, la miaka kadhaa nyuma lakini bado linang'aa kama lililotoka kuoga. Kabla hajaliuza alitaka kiti cha dereva kitengenezwe. Upande wa mlangoni, pale ambapo mtu husuguana na kiti kila anapoingia na kutoka, ngozi ilikuwa imekwisha kabisa, mshono umeachia, sponji inachungulia.

Alipoondoka, Sponji alilizunguka gari. Akaingia upande wa abiria. Ngozi ikampokea kwa ugumu wa kiatu kipya. Akahamia nyuma, kushoto, kisha kulia, na huko nako vilevile: hakuna kunyanzi, hakuna doa, mikanda bado imekunjwa kwa mkunjo wa kiwandani. Moyo ukamruka. Kwa macho ya mtu wa viti, gari lenye viti vyote vipya isipokuwa kimoja ni gari jipya lililopungukiwa na kiti kimoja, na kiti kimoja kwake kilikuwa kazi ya siku mbili. Wala hakufikiria kuuliza habari za betri. Kila fani ina upofu wake, na upofu wa fani yake ulikuwa huo.

Kisha akafunga mlango.

Ni vigumu kueleza kilichompata. Nje nyundo ziliendelea kupanda na kushuka, mpaka rangi aliendelea kufungua na kufumba mdomo, lakini yote yalikuwa yamekwenda mbali, kama picha za runinga iliyozimwa sauti. Alisikia pumzi yake. Alisikia shati lake likisuguana na ngozi ya kiti. Alikaa pale mikono magotini, macho yamefumbwa, mpaka watu wakamaliza chakula cha mchana, na wazo lilipoingia halikuingia kwa kishindo. Liliingia polepole, likakaa, kana kwamba siku zote lilikuwa na kiti chake humo: kwamba ameshona viti vya wengine vya kutosha, na kwamba hili lingeweza kuwa lake.

Fundi umeme wa gereji, ambaye kila mtu alimwita Waya, alipopata habari alimvuta pembeni. Alimweleza kama anavyoelezwa mgonjwa. Gari la namna hii ni betri yake, alisema, mengine yote ni samani. Akachomeka kidude chake chini ya usukani, akasoma, akakuna kidevu. Betri ilikuwa imechoka kiasi. Si mbaya, ila siku ikifa, mwenyewe atatamani azikwe nayo. Je, nyumbani ana waya wa kubeba mzigo wa kuchaji? Umeme ukikatika siku nzima? Sponji alijibu kwamba viti vitatu havijaguswa.

Waya alimtazama kwa huruma. "Ndugu yangu," alisema, "wewe ni mtu wa kwanza duniani kununua gari kwa kulikalia."

Daktari aliporudi kukagua kazi, Sponji alijikaza akamweleza. Alitegemea kuchekwa. Badala yake yule mama alitaja bei aliyoona ni ya haki, akasema kuna mtu mwingine analitaka pia, lakini yeye angependa liende kwa anayelipenda. Akaenda mbali zaidi. Alimwambia alichukue, akae nalo mpaka Jumatatu, aende nalo nyumbani na kurudi nalo kama la kwake, kisha ampe jibu moja, ndiyo au hapana. Bei ile ingemeza akiba yote ambayo Sponji na mkewe waliweka ili waongeze vyumba viwili nyuma ya nyumba. Mkewe alikuwa bado hajui lolote. Sponji alitaka aone kwanza, ndipo aambiwe.

Kila siku alikuwa akirudi na pikapu yake, ya dizeli, ekzozi imetoboka, mzee kuliko binti yake mkubwa. Mabinti waliipa jina la Mbiu tangu wakiwa wadogo, na yeye alidhani ni kwa sababu ya kelele tu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba palikuwa na kilima kifupi, na hapo Mbiu ilibidi ibadilishe gia kwa kunguruma kama mtu anayebebeshwa gunia. Jioni ile, kwenye kona ileile, gari la daktari lilipanda bila neno. Aliona paka ukutani akiendelea kujilamba. Alifika nyumbani akakuta geti limefungwa.

Hilo lilimshangaza. Hakuwahi kulikuta geti limefungwa. Aliegesha kando ya ukuta, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni kwa ufunguo ambao hakukumbuka mara ya mwisho kuutumia, na akiwa uani akasikia kelele. Alifikiri ni kwa jirani. Redio ilikuwa juu, mtu anapiga mfuniko wa sufuria kufuatisha muziki, na juu ya yote hayo kicheko, kicheko cha mtu aliyekwisha kuvunjika mbavu anayeomba aachwe apumue. Akasimama. Kicheko kile alikifahamu. Alikuwa amekisikia zamani, wakati wa uchumba, na alikuwa ameshasahau kwamba kina mwenyewe.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye stuli katikati ya jiko, kanga begani, mikono magotini, macho amefumba. Akasogeza nyonga kulia kidogo. Kushoto kidogo. Akatulia. Binti mkubwa, ambaye alifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja na alijua kuongea kwa adabu ya uongo, alimwinamia akauliza, "Samahani fundi, kiti kinasemaje?" Mkewe akatikisa kichwa taratibu, kwa uzito wote wa dunia, akakohoa mara moja, akasema kwa sauti nene: "Kinasema kimechoka kukaliwa. Na mimi pia."

Binti mdogo, aliyekuwa kidato cha tatu, alidondosha mfuniko wa sufuria akajishika tumbo.

Sponji aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa karibu acheke. Ilikuwa sawasawa kabisa, hata namna ya kidole gumba kugusa goti, jambo ambalo hata yeye hakujua kama hulifanya. Hapakuwa na ubaya wowote katika mchezo ule. Mtu humwiga hivyo yule tu ambaye amemtazama sana. Na bado, akiwa amesimama pale gizani nje ya taa ya jikoni kwake mwenyewe, alipatwa na kitu ambacho hakukitegemea. Alimwonea wivu yule mzee wa kwenye stuli. Yule alikuwa katikati ya watu wake.

Akanyoosha mkono kwenye kitasa. Ndipo akamsikia binti mdogo: "Mama, tuzime redio. Saa zake hizi."

"Bado," mkewe akasema. "Mbiu haijalia kwenye kona."

Mkono ukabaki hewani.

Basi ndivyo geti lilivyokuwa likifunguka lenyewe. Ndivyo maji ya kuoga yalivyokuwa yakimngoja, na chai, na ile saa ya ukutani. Akakumbuka, bila kutaka, siku moja ya zamani sana, binti mkubwa bado anatambaa. Alirudi kichwa kinapasuka, akakuta redio, mtoto na jirani aliyekuja kuazima pasi wote wanapiga kelele kwa pamoja, akasimama mlangoni akasema, nikirudi humu ndani nataka kusikia saa tu. Kesho yake kichwa kilikuwa kimepona. Yeye alilisahau neno lake kabla ya kulala. Nyumba haikulisahau. Ililipokea kama sheria, ikaitunza kwa upendo, mwaka hadi mwaka, na aliyezaliwa baadaye alifundishwa kabla hajajua kusoma. Hakuna aliyewahi kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma: walikuwa wakimtendea wema.

Angeweza kuingia. Lakini alijua, kama mtu anavyojua glasi imeshaanza kudondoka, kwamba akifungua tu ule mlango, kile kicheko kitakatika katikati, na watamtazama kwa nyuso za watu waliofumaniwa. Hakutaka kuziona nyuso hizo. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari, akalishusha hadi kwenye kona, na kutoka huko akapiga honi ili awape nafasi ya kujiandaa.

Honi ya gari la fahari ni ya kistaarabu. Ililia kama mtu anayesafisha koo kwenye mkutano. Nyumba haikuijua. Akapiga tena. Hakuna kilichobadilika. Mwisho akaendesha mpaka getini na kupiga honi hapo kama mgeni, na binti mdogo akatoka, akauliza nani kwa sauti ya kumfukuza muuzaji.

"Mimi," alisema Sponji.

Kisha nyuma ya binti, ndani, redio ikafa. Alipovuka kizingiti, saa ilikuwa inasikika vizuri sana.

Walilisifia gari. Mabinti walizima na kuwasha taa zake, wakagusa kioo chake kikubwa kinachong'aa katikati ya dashibodi, wakasema hongera baba kwa sauti za chini. Mkewe alilizunguka bila haraka, mikono nyuma, kama mwanamke anayekagua nyumba ya kupanga. Aliuliza litachajiwa wapi. Aliuliza likiharibika nani analijua. Alipoambiwa fedha zitatoka wapi hakukunja uso. Alisema akiba ni yao wote wawili, naye vyumba ameshavisubiri, anaweza kuvisubiri tena ikiwa moyo wa mwenzake umeshuka hapo kweli. Kisha akasimama mbele ya boneti.

"Halina sauti kabisa?"

"Kabisa."

Alifikiri. "Basi hatutajua umefika." Na upesi, kabla hajajibiwa, akaongeza, "Namaanisha kukufungulia geti."

Sponji alisema ndiyo, geti. Usiku ule alilala akiitazama dari. Hakuwa anafikiria betri.

Hapo ndipo gari lilipogeuka kuwa swali jingine. Alikuwa analitaka bado. Akilikalia tu, mgongo wake wote ulisema ndiyo. Na sasa liliongeza ushawishi ambao muuzaji hakuujua: akilinunua, kila jioni atafika bila kutangazwa, na kila jioni ataweza kusimama uani asikilize. Atakuwa na kicheko kile maisha yake yote. Jumamosi alijaribu tena, aliegesha mbali kidogo, akasimama kwenye ukuta. Walikuwa wanabishana kuhusu gauni, wote watatu kwa mpigo, na ilikuwa tamu kama muziki. Lakini jirani alipita na ndoo, akamsalimu, akamuuliza kama amepoteza funguo. Sponji aliitikia salamu kwa kunong'ona. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni: mwanamume mzima, na mvi zake, ananyemelea nyumba yake.

Jumapili akawapakia wote. Alisema ni kulijaribu barabarani. Mkewe alikaa mbele, mabinti nyuma, wakafunga mikanda ile ambayo haikuwahi kukunjuliwa, na gari likateleza nje ya mtaa.

Hakuna aliyesema kitu. Ndani ya Mbiu, safari zao zilikuwa kupiga mayowe; walibanana, mabega juu ya mabega, na kila neno lilirudiwa mara tatu, ati nini, nini, nimesema nini. Ndani ya hili, hata safari ya basi ingeonekana karamu. Alisikia bangili ya binti mkubwa ikigusa mlango. Alimsikia mkewe akimeza mate. Ngozi ngumu ya viti ililalamika kidogo mtu akigeuka, na mtu huyo aliacha kugeuka. Sponji alitazama kwenye kioo cha juu akawaona wanawe wamekaa wima, magoti pamoja, kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

Na hapo akaelewa vile viti vitatu. Alikuwa amevisifu kwa siku zote hizi kwa sababu hakuna aliyevikalia.

Alishika usukani kwa mikono miwili. Ilimchukua mtaa mzima na sehemu ya mtaa mwingine kupata sauti.

"Mama watoto," alisema. "Yule mzee wa kwenye stuli. Hebu mkalishe hapo tumwone."

Mkewe aligeuza kichwa polepole. "Mzee gani?"

"Anayekohoa mara moja."

Nyuma, binti mdogo alitoa kitu kama kwikwi. Dada yake alimfinya. Mkewe alikuwa anatazama mbele sasa, shingo imekaza.

"Ulisimama wapi?"

"Dirishani."

"Tangu wapi?"

"Tangu kulia kidogo, kushoto kidogo."

"Baba, tusamehe," binti mkubwa alianza, kwa ile sauti yake ya mapokezi, lakini Sponji alikuwa amekwisha kuwasha taa ya kuegesha na kusogeza gari pembeni ya barabara, chini ya ukuta mrefu wa ghala.

"Kikohozi unakikosea," alimwambia mkewe. "Mimi nakohoa kwanza, ndipo natikisa kichwa. Wewe umetikisa kwanza."

Mkewe akamgeukia mwili mzima. Alisahau kuogopa. "Mimi? Mimi nikosee? Unatikisa kwanza. Unatikisa, halafu unakohoa. Hata msibani ulikaa kwenye kiti cha plastiki cha watu ukatikisa halafu ukakohoa, nikataka kuzama ardhini."

"Nakohoa kwanza."

"Waulize hao."

Hao walikuwa wameinama, mabega yanatikisika. Binti mdogo alisema mama yuko sahihi. Binti mkubwa alisema inategemea na kiti. Ikabidi Sponji aonyeshe. Aliweka mikono magotini, akafumba macho, akasogea kulia, akasogea kushoto, akatulia, na kichwa chake, bila ruhusa yake, kikatikisika kabla ya kikohozi. Gari lile ambalo halikuwahi kusikia kitu kikubwa kuliko pumzi ya mtu mmoja likajaa. Binti mdogo alilia machozi. Mkewe alijifunika uso kwa kanga, akampiga begani, akampiga tena.

Kicheko kilipotulia, Sponji akauliza lililokuwa kooni mwake. "Nani alisema nyumba inyamaze?"

"Wewe," mkewe alisema, akifuta macho.

"Nilikuwa naumwa kichwa. Ilikuwa siku moja."

"Hukusema ni siku moja."

Hakukuwa na lawama ndani yake. Alikuwa anaeleza tu ilivyokuwa. Sponji akasema basi leo anasema, ile habari imekwisha. Mkewe alimrekebishia kola ya shati.

"Tutaona," alisema. "Maneno ni mepesi ndani ya gari la watu."

Jumatatu asubuhi alilirudisha. Daktari alikuwa nyumbani kwake, katikati ya makasha, na alimkaribisha kwenye kiti pekee ambacho bado hakijafungwa kamba. Sponji hakukijaribu, alikaa tu kama watu. Alimuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mteja: vile viti vingine alivikalia nani?

"Mkoba wangu," alisema daktari. Alicheka kidogo, akatazama makasha. "Kutwa nzima nasikia mashine ya kutoboa meno, fundi. Nilitaka kimya. Nilikitaka sana, nikakipata." Kisha akasema wajukuu zake ni watatu, na anavyosikia hawafumbi mdomo hata dakika, jambo geni hata kwake yeye ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wafumbue.

Sponji aliweka ufunguo juu ya kasha. Alikuwa amejiandaa na maneno mazuri njia nzima, yote yakamponyoka. "Halinifai, Daktari," alisema. "Ni zuri mno. Ila halijui kubisha hodi."

Yule mama alimtazama, na pengine alielewa kiasi chake. Alisema kile kiti amekishona vizuri kuliko kiwanda, akamsindikiza mpaka nje. Kule gereji, Waya aliposikia jibu lilikuwa hapana, alitangaza kwamba hatimaye mtu amesikiliza habari za betri. Sponji alimwachia ushindi wake. Isingekuwa rahisi kumweleza fundi umeme kwamba gari la kimya lingempa kile kicheko kila jioni, lakini lingempa kama mwizi; asingejua kamwe kama wanacheka kwa sababu wako huru au kwa sababu hawajui kwamba yupo. Gari moja tu ndilo lingeweza kumwambia hilo.

Jioni alipanda Mbiu. Dashibodi ilitetemeka, mlango ukahitaji kupigwa mara mbili. Kwenye kona ya mwisho, pale kwenye kilima, alibadilisha gia, na pikapu ikanguruma kwa nguvu zake zote. Paka akaruka kutoka ukutani. Sponji akakanyaga mafuta tena, zaidi ya ilivyohitajika. Nikisikika, nisikike.

Geti lilikuwa wazi. Akaingia, akazima injini, na hakushuka. Alikaa mikono magotini, akafumba macho.

Kimya. Redio ilikuwa imekatwa katikati ya wimbo, alisikia kipande cha mwisho kikizimika. Kisha miguu ya haraka, mfuniko uliowekwa kwa uangalifu, maji yakimiminwa kwenye ndoo. Saa ya ukutani. Moyo ukashuka taratibu mpaka chini kabisa, na akajiambia kwamba ni haki, kitu kilichokaa miaka yote hiyo hakiondoki kwa kuegesha gari kando ya ghala.

Akamsikia mkewe akisema jambo kule ndani. Hakushika maneno. Mtu mmoja akajibu, pakawa na mabishano ya kunong'ona. Na redio ikarudi, chini sana, kama inayouliza. Ikakaa hapo. Halafu mkono wa mtu, hakujua wa nani, ukaipandisha.

Sponji akatikisa kichwa. Kisha akakohoa mara moja.

Kutoka jikoni, kwa sauti nene, mtu akamjibu kwa kikohozi kilekile, na safari hii hakuna aliyejizuia.